Kabla ya Kuuza Kamera ya Mzee, Tazama Dirisha la Nyuma

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na mpiga picha mstaafu mbele ya wakazi wa Usenge na vijiji jirani vya Yimbo, kaunti ndogo ya Bondo. Yamefupishwa kidogo ili yatoshe katika jarida hili.

 

Nimeombwa nizungumze kuhusu kamera za zamani, hasa zile ndogo za filamu ya katriji, kwa sababu siku hizi kuna watu wanaopita nyumba hadi nyumba wakiziulizia. Wengine ni wanunuzi wa kweli. Wengine wana nia nyingine. Wengi wenu mna kamera kama hizo ndani ya masanduku ya marehemu wazazi wenu na hamjui kama ni mali au takataka. Nitajaribu kujibu, lakini kwanza nikiri kosa langu mwenyewe.

Kosa langu

Mnakumbuka mwaka wa 2020, ziwa lilipopanda. Maji yaliingia nyumbani kwa watu kandokando ya ufuo, kuanzia Bunyala hadi Homa Bay, na hapa kwetu pia. Baada ya maji hayo, mama mmoja mjane alinijia akiwa amebeba kamera ndani ya kitambaa. Ilikuwa Kodak Instamatic ya marehemu mumewe, ambaye alikuwa mwalimu. Aliniuliza, "Baba, hii inaweza kunipatia kitu? Tumehamia kwa shemeji na hatuna hata godoro."

Niliigeuza. Upande wa nyuma wa kamera ya aina hiyo kuna dirisha dogo. Ndani ya dirisha niliona karatasi na namba 11. Mimi nimefanya kazi ya picha zaidi ya miaka 30. Nilijua maana yake. Filamu ilikuwa bado ndani. Lakini nilikuwa na haraka, na nilijua kwamba filamu ya aina hiyo haiuzwi tena. Nikamwambia, "Mama, hii haina kazi. Ukipata mtu wa kuinunua, uza." Aliiuza kwa shilingi 500 kwa mtu aliyekuwa akipita na pikipiki.

Miezi michache baadaye kifungua mimba wake akaja studio. Alitaka picha ya baba yake, yoyote, kwa sababu picha zote za nyumbani zilizama. Kipande cha mzee kilikuwa kimerudishwa serikalini alipofariki. Nilitafuta katika negativu zangu zote, sikupata. Kisha akaniuliza, "Na ile kamera ya baba, haikuwa na kitu ndani?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Leo nimekuja hapa ili asiwepo mwingine wa kuulizwa swali hilo.

Kamera hizi ni zipi?

Wazee watakumbuka kamera za kwanza. Kuweka filamu kulikuwa kazi ya fundi. Ulikaa gizani au kwenye kivuli, ukauingiza mkanda kwenye meno, ukazungusha, na ukikosea mwanga uliingia na kuharibu kila kitu. Watu wengi waliogopa kamera kwa sababu hiyo.

Mwaka wa 1963 kampuni ya Kodak, ya Rochester huko Marekani, ilileta Instamatic. Filamu ilifungwa kabisa ndani ya kijisanduku cha plastiki, yaani katriji. Unafungua mlango wa kamera, unaitumbukiza, unafunga, basi. Haiwezi kuingia kinyume, na huhitaji kuizungusha kuirudisha mwanzo inapokwisha. Filamu hiyo iliitwa 126. Upana wake ni milimita 35, lakini ina tundu moja tu kwa kila picha. Unapovuta wenzo, pini inaingia kwenye tundu na kukuzuia. Ndiyo maana picha mbili hazikupandana. Picha zake zilikuwa za mraba. Mkiona albamu ya miaka ya 60 au 70 yenye picha ndogo za mraba zenye ukingo mweupe, huenda zilitoka kwenye kamera ya namna hii.

Instamatic 100 iliuzwa Marekani kwa chini kidogo ya dola 16. Kufikia mwaka wa 1970 zaidi ya kamera milioni 50 za jina hilo zilikuwa zimetengenezwa. Mwaka wa 1965 ikaja taa ya mraba yenye balbu nne, iliyozunguka yenyewe kila ulipovuta filamu. Watoto wa wakati ule tuligombania taa hizo zikishaungua, tukazichezea kama almasi.

Mwaka wa 1972 Kodak ikaleta filamu ndogo zaidi, 110, yenye upana wa milimita 16. Kamera yake ni nyembamba na ndefu, inaingia mfuko wa shati. Hiyo ndiyo vijana wa miaka ya 80 waliipeleka kwenye disko na harusi. Picha zake zikikuzwa sana huonekana kama zimemwagiwa mchanga, kwa sababu negativu yenyewe ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba.

Zilifikaje huku kwetu? Ya kwanza niliyoishika mimi ilikuwa ya mwalimu wangu. Nyingine nilizoziona baadaye zilikuwa za watu waliorudi kutoka masomo ng'ambo, watumishi wa reli na bandari Kisumu, manesi, mapadre na walimu. Kamera ilikuwa ya mtu mmoja, lakini picha zilikuwa za kijiji kizima. Mwenye kamera aliitwa kila kulipokuwa na harusi, ubatizo au matanga.

Je, zina bei?

Sasa tuje kwenye pesa, maana najua ndilo swali lililowaleta wengi.

Kamera ya kawaida ya Instamatic au ya 110 haina bei kubwa. Kitu kilichotengenezwa kwa mamilioni si adimu. Mkusanyaji wa Ulaya au Marekani anaweza kuipata sokoni karibu na kwake kwa pesa kidogo, na mara nyingi gharama ya kuituma kutoka Kenya itazidi bei yenyewe. Kuwa ya zamani pekee hakuifanyi kamera kuwa ya thamani.

Zipo chache zinazotafutwa. Kwa filamu ya 126, kuna Kodak Instamatic Reflex iliyotengenezwa Ujerumani, Rollei SL26 na Contaflex 126 ya Zeiss Ikon. Hizi zilikuwa na lenzi za kubadilishwa, na zilikuwa ghali tangu siku ya kwanza. Kwa filamu ya 110, kuna Pentax Auto 110, kamera ndogo kama mkono wa mtoto lakini yenye lenzi za kubadilisha, na kuna Rollei A110 na Minolta 110 Zoom. Ukiwa na moja ya hizi, usiiuze mlangoni. Ipige picha, andika jina lililoandikwa juu yake, kisha muulize mtu unayemwamini aangalie bei ambazo kamera kama hiyo imeuzwa kweli. Bei anayoitaja mtu anayetaka kuuza si bei iliyolipwa.

Mnunuzi ataangalia nini? Kama wenzo unavuta na kitufe kinabofyeka. Kama lenzi haina ukungu. Hewa ya ziwa ina unyevu na ukungu huota ndani ya kioo kama nyuzi za buibui. Kama mahali pa betri hapajaliwa na kutu. Kamera nyingi za katriji ziliachwa na betri ndani, zikavuja. Toa betri leo ukifika nyumbani. Ukikuta unga mweupe, usiushike kwa vidole vitupu. Futa kwa pamba yenye siki kidogo, kisha kausha. Kama kuna boksi na kijitabu chake, usitupe, kwa sababu vinaongeza bei.

Na sasa onyo. Mnunuzi wa kweli hakuombi pesa. Mtu akikuambia kamera yako ina thamani ya laki tano, lakini kwanza utume kwa M-Pesa ada ya kuisajili, ya ukaguzi au ya forodha, huyo ni mwizi. Mtu akitaka kuichukua "akaionyeshe tajiri Nairobi" bila kuacha pesa wala maandishi, mnyime. Na msiuze mali ya marehemu kabla ya familia kukaa pamoja. Nimeona ndugu wakikosana kwa kitu cha shilingi mia tano.

Dirisha la nyuma

Kabla ya kuuza, kabla ya kusafisha, kabla ya kumpa mtoto achezee, geuza kamera na utazame dirisha la nyuma. Ukiona maandishi, karatasi au namba, kuna filamu ndani. Usiifungue. Usivute wenzo kwa nguvu. Funga kamera ndani ya kitambaa cheusi na uiweke mahali pakavu penye ubaridi.

Kama umeshafungua mlango kwa bahati mbaya, usikate tamaa. Katriji ina faida moja kubwa kuliko mkanda wa kawaida: filamu iko ndani ya plastiki, na karatasi iko nyuma yake. Mwanga utaharibu picha iliyokuwa dirishani na labda jirani yake, lakini zilizojikunja upande wa pili huenda zimesalimika. Funga mara moja, usiendelee kuchungulia.

Je, filamu ya miaka 40 inaweza kuoshwa? Wakati mwingine. Nisiwadanganye. Joto na unyevu hufifisha picha ambayo haijaoshwa, na filamu nyingine hutoka tupu. Filamu ya nyeusi na nyeupe ina nafasi nzuri zaidi. Filamu za rangi za 110, na nyingi za 126 za baada ya hapo, huoshwa kwa dawa ile ile inayotumika hadi leo kwa filamu za rangi. Filamu za rangi za kabla ya hapo zilikuwa na dawa yake ambayo haitumiki tena, kwa hiyo maabara huziosha kwa dawa ya nyeusi na nyeupe, rangi inapotea lakini sura inabaki. Hata Kodachrome, ambayo maabara yake ya mwisho huko Kansas iliacha kuipokea mwisho wa Desemba 2010, huweza kutoa sura kwa njia hiyo.

Kazi hiyo hufanywa na maabara chache maalumu, nyingi zikiwa ng'ambo, na gharama yake inazidi bei ya kamera. Familia iamue. Lakini muulize fundi kabla ya kutuma: umewahi kuosha 126 au 110? Katriji lazima ifunguliwe gizani kabisa, na filamu ya 110 haikai kwenye mashine za kawaida. Fundi asiyejua anaweza kumaliza kila kitu kwa dakika moja.

Kwa vijana wanaotaka kuzitumia kamera hizi tena: filamu ya 110 ilipata kutengenezwa upya na kampuni ya Lomography mwaka wa 2012, na bado inaagizwa. Ya 126 haitengenezwi tena kiwandani. Kodak iliiacha mwisho wa 1999, na Ferrania ya Italia, iliyoendelea baadaye, nayo ikaacha. Wanaoipenda huchukua katriji kuukuu na kuijaza mkanda wa milimita 35 gizani. Kwa hiyo katriji tupu pia usiitupe.

Kilichomo katika picha hizo

Mtu anaweza kusema, haya ni mambo ya matajiri wenye nafasi. Hebu niwaulize wavuvi mlioko hapa. Ni nani kati yenu mwenye umri chini ya miaka 40 aliyewahi kuona mashua iliyojaa ningu ikishushwa kwenye ufuo wetu? Ni nani anayeweza kutaja kwa macho aina za fulu tulizokuwa tukikausha? Kabla ya mbuta kutawala ziwa hili katika miaka ya 80, tulikuwa na samaki ambao watoto wetu wanawajua kwa majina tu. Walimu na manesi waliokuwa na Instamatic walipiga picha za siku za soko, za mashua zenye matanga, za akina mama wakipanga samaki. Hawakuwa wanafanya utafiti. Walikuwa wanapiga picha za shangazi zao. Lakini nyuma ya shangazi kuna ufuo, kuna nyavu, kuna samaki, kuna mahali maji yalipofika.

Maji hayo yalipanda pia mwanzoni mwa miaka ya 60, ile mvua ya Uhuru, hadi kufikia kilele mwaka wa 1964. Hakuna aliyeyaona yakifika juu kiasi hicho tena mpaka 2020. Picha moja ya 1964 yenye mti au kanisa linalojulikana ingemwonyesha kijana wa leo mahali ambapo si busara kujenga nyumba.

Mzee Jaramogi alipofariki Januari 1994 na kuzikwa hapo Bondo, wapiga picha wa magazeti walikuja kupiga picha za viongozi. Picha za akina mama waliopika, vijana waliochota maji na wazee waliotembea kutoka Yimbo kwa miguu, kama zipo, ziko katika albamu zenu na masanduku yenu.

La kufanya nyumbani

Nitaje machache ambayo hayahitaji pesa.

Kwanza, toa picha na negativu jikoni na chini ya kitanda. Ziweke kwenye bahasha za karatasi, ndani ya kopo linalofunga, mahali pa juu kuliko maji yalipofika 2020. Vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, viweke humo. Mfuko wa plastiki unaofungia unyevu ndani ni adui.

Pili, negativu usitupe hata kama picha ipo. Picha iliyochapishwa ni nakala. Negativu ndiyo mbegu.

Tatu, andika majina. Tumia penseli laini, nyuma ya picha, pembeni. Kalamu ya wino hupenya na kubonyeza. Andika ni nani, ni wapi, ni mwaka gani, na nani alipiga. Kaa na bibi yako leo, si kesho. Picha bila jina, mwenye kumbukumbu akishaondoka, inabaki kuwa picha ya mgeni.

Nne, piga nakala kwa simu. Weka picha kwenye meza karibu na dirisha, kivulini, bila taa ya simu, na simu iwe sambamba na picha. Kwa negativu, washa skrini nyeupe ya simu nyingine, inua negativu kidogo juu yake, piga, kisha tumia programu ya kugeuza rangi. Utaona uso unatokea. Hifadhi nakala kwa ndugu aliye mbali, ili maji yakija yasichukue zote.

Tano, picha zikilowa, usizibandue zikiwa kavu. Zisuuze kwa maji safi ya baridi, zilaze kivulini uso ukiwa juu. Zilizogandana ziloweke mpaka ziachiane zenyewe. Mama yule aliniambia walizianika juani na kuzivuta. Sura zote zilibaki kwenye picha ya jirani.

Sita, si kila picha ni ya kuweka mtandaoni. Picha ya matanga ya jirani au ya mtu aliye mgonjwa, omba ruhusa kwanza.

Ombi langu

Katiba yetu ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka maktaba, makavazi na shughuli za utamaduni chini ya kaunti. Kwa hiyo ninaomba mbele ya maafisa walio hapa: pawe na meza, hata siku moja kwa mwezi, katika maktaba au ofisi ya wadi, ambapo mkazi ataleta picha zake, zipigwe nakala, majina yaandikwe, na arudi nyumbani na zake. Asilazimishwe kuziacha. Mimi niko tayari kukaa kwenye meza hiyo bila malipo, maadamu macho yangu bado yanaona.

Na kama kati yenu kuna anayemjua mtu aliyenunua Instamatic hapa Usenge mwaka wa 2020 kwa shilingi 500, ikiwa na namba 11 dirishani, mwambieni simtafuti kwa ubaya. Nitamrudishia pesa yake na zaidi. Kamera abaki nayo. Ninachotaka ni filamu.

 Sasa, nani amekuja na kamera? Ileteni hapa mbele, lakini msiifungue.